Walikuwa Wamepishana au Bado

Kuna kazi moja ambayo nikiiwaza nikiwa kwenye chai, mikono inaendelea kuchuma yenyewe na mimi sipo. Ni kazi ya mwamuzi wa video katika kriketi. Huyu hakai uwanjani. Anakaa kwenye chumba huko juu, runinga mbele yake na vitu vya kusikilizia masikioni. Waamuzi wa uwanjani wakishindwa kujua kama mpigaji ametoka, yaani ameondolewa mchezoni, au hajatoka, mmoja wao anachora mraba hewani kwa vidole, kama fundi anayekuonyesha ukubwa wa dirisha. Watu wote wananyamaza. Halafu unasikia sauti ya yule wa chumbani, polepole, kama mtu anayembembeleza ng'ombe mgeni akubali kukamuliwa: "Rudisha nyuma. Sogeza mbele kidogo. Simamisha hapo." Anaangalia, anatoa jibu. Sura yake huioni, na hakuna mtu wa kumvuta shati kumuuliza kwa nini.

Niliijua kazi hiyo kwenye duka la kutengeneza simu pale Bomet, nilipopeleka kamera yangu iliyoingiwa na maji ya mvua kwenye harusi. Mwenye duka anapenda kriketi kuliko chakula na runinga yake haizimwi. Wateja wengine walikuwa wanawapigia kelele wapigaji. Mimi nilikuwa namsikiliza yule asiyeonekana. Kamera ilipona siku hiyo hiyo, lakini kesho yake nilirudi nikasema bado ina shida.

Maana mimi pia ni mtu wa video. Shule niliishia kidato cha nne, na matokeo yake tuliyasoma nyumbani mara moja tu, hatukurudia. Asubuhi nachuma chai ya mama, na mwisho wa wiki napiga video za harusi, matanga na kwaya. Watu wakinicheka kwamba nataka kuwa mwamuzi wa kwenye runinga, nawaambia kazi nusu ninaijua tayari. Iliyobaki ni kupewa chumba.

Chumba nilikipata sikukuu ya Krismasi iliyopita, na kilikuwa na harufu ya majani chai.

Kila mwaka wakati wa likizo, watu wa kituo chetu cha kununulia chai wanacheza kriketi na wafanyabiashara wa Sotik. Ilianzishwa na mwalimu mmoja wa shule yetu ya msingi aliyeupenda mchezo huo akatuambukiza sisi sote, na mpaka leo yeye ndiye mwamuzi wa uwanjani. Uwanja ni malisho yaliyo mbele ya kituo. Ng'ombe wanatolewa asubuhi, mavi yanazolewa na timu inayokaribisha, kisha zulia kuukuu la kanisa linatandikwa katikati, na hapo ndipo mpira unadunda. Sheria yetu moja ni kwamba kila timu lazima iwe na wanawake, kwa sababu wachumaji wengi wa chai ni wanawake na walikataa kuendelea kupika tu wakati wanaume wanakimbizana na mpira.

Miaka yote, kugombana kulikuwa kwingi kuliko kucheza. Ametoka, hajatoka, amefika, hajafika, mpaka chapati zinapoa. Ndiyo nikamwendea mwalimu nikamwambia, "Mwalimu, nipe nafasi. Kamera yangu nitaiweka pembeni, sawasawa na katikati ya zulia. Simu mbili nitazifunga kwenye miti, moja kila mwisho. Ukishindwa, unachora mraba, mimi naangalia."

Mwalimu aliinua miwani yake. "Na ukishindwa wewe?"

"Nikishindwa namwachia mpigaji. Ndiyo sheria. Penye shaka, haki ni ya mpigaji."

"Umesoma wapi hiyo?"

"Kwa fundi wa simu."

Alicheka, akasema sawa. Chumba changu kikawa kile kibanda cha kituo, penye mizani na ndoano za kutundikia magunia. Nilivuta ndani waya mrefu ninaoutumia harusini kupeleka picha kwenye skrini, nikaweka kompyuta yangu juu ya meza ya kukagulia majani, nikajifunika blanketi kichwani ili mwanga usinisumbue. Dirishani niliweka vitambaa viwili. Chekundu maana yake ametoka, kijani hajatoka. Mwalimu alikuwa na simu mfukoni ya kunipigia kama kuna jambo. Nilifurahi mpaka nikasahau kunywa chai yangu.

Lakini siku hiyo haikuwa yangu, ilikuwa ya ndugu yangu. Yeye ni mkubwa wangu, na ndiye mpigaji wetu bora. Alikuwa anampenda msichana wa ng'ambo ya mto, msichana mpole anayefundisha watoto wa chekechea, na msichana alimpenda pia. Jumamosi ya wiki iliyofuata ndiyo ingekuwa koito yao, ile siku ambayo watu wetu wanaenda kwao, maneno yanakamilishwa, na mursik, maziwa yetu ya kibuyu, inamiminwa kwenye vikombe kuonyesha kwamba sasa ni ndugu. Tulikuwa tumeshaenda kwao kubisha hodi. Baba wa msichana alikubali. Wajomba walikubali. Mama yake peke yake alisema, "Mimi bado naangalia." Na mama yule asipokubali, hakuna maziwa yatakayomiminwa. Kila mtu kwao anajua hivyo, hata ng'ombe.

Ndugu yangu hakuwa analala vizuri. Jioni alikuwa ananiuliza, "Dada, anaangalia nini? Si aseme tu nirekebishe?"

"Labda anaangalia kama unakula."

"Nitakulaje na roho iko hivi?"

Sasa mama huyo anapeleka chai kituo chetu, kwa hiyo ni wa timu yetu. Huwa hachezi. Anakaa chini ya mwavuli na kusema ukweli ambao hajaulizwa. Siku hiyo mmoja wa wapigaji wetu wanawake alikuwa ameitwa Londiani, binti yake amejifungua, na nafasi ikabaki wazi. Kapteni wetu akazunguka akibembeleza, na mama akasimama akasema, "Leteni hiyo fimbo. Nimekata nyasi za nepia za ng'ombe tangu nikiwa msichana, mpira utanishinda?"

Aliingia uwanjani na gambuti zake na sketi pana ya kitenge. Mwalimu alimpa pedi za miguuni, akakataa, akasema ng'ombe wameshampiga mateke magumu kuliko hayo.

Huko nyuma nilikuwa nimeshafanya kazi yangu vizuri. Mchana, Sotik walipokuwa wanapiga, kapteni wao alikimbia akanyoosha gongo lake, na vijiti vikavunjwa wakati huo huo. Kapteni huyo ana duka la vifaa vya ujenzi na mdomo wa kuuza hata mawe. Mwalimu akachora mraba. Nikarudisha nyuma, nikasogeza, nikasimamisha. Gongo lilikuwa juu ya mstari, na juu ya mstari si ndani. Nikatoa kitambaa chekundu.

"Sister!" alipiga kelele kutoka uwanjani. "Hiyo kamera yako ni ya harusi! Imezoea kuona bibi harusi tu!"

"Basi ungekuja na shela!" mtu wa kwetu akamjibu, na watu wakacheka mpaka yeye mwenyewe akacheka. Nikaona kazi ni tamu.

Kwa asiyeujua mchezo huu nieleze kidogo, maana bila hili yaliyofuata hayataeleweka. Wapigaji wako wawili kwa wakati mmoja, kila mmoja kwenye mwisho wake wa zulia, penye vijiti vitatu. Mpira ukipigwa wanabadilishana mahali wakikimbia, na kila wakifika ni mkimbio mmoja. Wapinzani wakivunja vijiti vya upande mmoja kabla hawajafika, mtu ametoka. Mtu yupi? Kama wapigaji wameshapishana katikati, anatoka yule anayeelekea vijiti vilivyovunjwa. Kama hawajapishana, anatoka yule aliyevitoka. Hata wakiwa sambamba kabisa, inahesabiwa hawajapishana. Basi, hiyo tu.

Wingu la mvua lilikuwa limeshakaa juu ya milima upande wa Kericho. Tulihitaji mikimbio michache tu tushinde. Ndugu yangu alikuwa bado ndani, ametulia, anapiga vizuri. Upande wa pili akaingia mama wa msichana. Baada yake alikuwa amebaki mpigaji mmoja tu, msichana wa sauti ya kwanza kwenye kwaya, ambaye hufumba macho mpira ukija.

Mpira wa kwanza, mama aliukata kama nepia. Uliruka ukaingia ndani ya michai, na ukishafika huko hakuna haja ya kukimbia, mikimbio minne inahesabiwa. Watu walishangilia mpaka kibanda changu kikatetemeka. Mama hakucheka. Alirudi kusimama mahali pake, akavuta sketi vizuri.

Mpira wa pili aliugusa tu. Ukaviringika polepole pembeni. "Kimbia!" akapiga kelele, na akaanza.

Ndugu yangu akaanza pia. Na hapo ndipo alipokumbuka anakimbia kuelekea kwa nani.

Kwetu, mwanamume hapiti karibu na mama wa mke wake. Hamgusi, hamkazii macho, na wakikutana kwenye kijia anatoka pembeni kwenye majani mpaka mama apite. Si woga, ni heshima. Siku hizi wengi wamelegeza, lakini mtu ambaye bado hajapewa msichana halegezi kitu. Mimi niliona yote kwenye kompyuta, moja kwa moja, na nikasikia mdomo wangu ukisema "Hapana, hapana, hapana" ndani ya blanketi. Ndugu yangu aliacha zulia. Alitoka nje kabisa, akakata kona kubwa upande wa michai, kama mtu anayezunguka nyumba.

Mtu wa Sotik akaokota mpira, akarusha, vijiti vya upande ule alikotoka ndugu yangu vikaanguka. Mama alikuwa bado yuko mbali navyo, gambuti zikimpiga miguuni. Ndugu yangu naye alikuwa huko kwenye nyasi.

"Ametoka!" Sotik wote waliruka.

Swali likawa nani.

Ndugu yangu hakungoja swali. Aliweka gongo kwapani akaanza kuondoka. "Ni mimi," alisema. "Sikuwa nimempita. Nimetoka."

Kapteni wa Sotik alikuwa anapiga makofi tayari. "Mwanamume wa kweli huyo! Anajua sheria! Apumzike!" Yeye alitaka aondoke yule anayejua kupiga, na hakuna wa kumlaumu. Mwalimu naye alishusha pumzi. Anasali kanisa moja na yule mama na alikuwa ameshaona hatari iko upande gani.

Ni mama mwenyewe aliyebaki katikati ya zulia, ameegemea gongo kama jembe.

"Ngojeni," alisema. "Mimi naona kama nilikuwa nimempita."

"Mama, kijana amekubali," kapteni wa Sotik akasema kwa sauti ya kuuza simenti.

"Kijana anaweza kukubali hata kwamba ameiba ng'ombe, akiogopa. Hiyo video mmeileta ya kazi gani? Ya kupamba?"

Mwalimu hakuwa na pa kwenda. Akachora mraba.

Nikajifunika blanketi tena. Ile furaha ya mchana ilikuwa imekimbia. Kabla hata sijarudisha nyuma, mtu alibisha dirishani. Ndugu yangu.

"Dada. Nitoe mimi."

"Ondoka hapo. Mwamuzi wa video haongeleshwi."

"Sikia. Ukimtoa yule mama mbele ya watu, mimi nimekwisha. Jumamosi, dada. Jumamosi!"

"Nenda uwanjani."

"Sema tu hawakupishana. Nani atajua?"

Nilimtazama. Alikuwa na jasho na nyasi kwenye nywele, kofia ameishika mkononi. Ndiye aliyenifundisha kupanda baiskeli, na ndiye aliyekuwa ananibebea kamera kwenye matope nilipokuwa sijapata hata begi la kuiwekea. Nilitaka kumpa kile anachotaka. Nasema ukweli, nilitaka sana. Nikafunga dirisha.

Rudisha nyuma, nikajiambia, kwa sauti ile ile ya chumbani. Hapakuwa na mtu mwingine wa kuniambia.

Mama anakimbia kutoka kushoto, ndugu yangu anatoka kulia. Sogeza mbele. Ndugu yangu anapinda, anazidi kupinda, anaenda nyuma ya zulia, mbali na kamera. Sogeza. Sasa mama yuko mbele yake na ile sketi pana imemfunika mzima. Ndugu yangu hayupo, ameingia nyuma ya kitenge. Simamisha. Vijiti bado vimesimama. Hapo walikuwa sambamba, na kama vingevunjwa hapo, ni ndugu yangu ametoka na sote tunaenda kula chapati.

Nilikaa na picha hiyo. Nikaomba picha inayofuata iwe na vijiti vilivyoanguka, na ndugu yangu awe bado nyuma ya sketi.

Sogeza mbele, picha moja. Vijiti vimesimama. Ncha ya kofia imetokea upande wa kushoto wa sketi. Sogeza moja tena. Kichwa kimetoka, kimeinama. Moja tena. Bega limetoka, mgongo umetoka, mtu mzima amemaliza kutoka, limebaki gongo tu nyuma ya kitenge. Na kule kulia, kijiti kidogo kinacholazwa juu ya vile vitatu ndipo kiko hewani, vimevunjwa.

Walikuwa wamepishana. Nilirudia kuangalia nikitumaini kompyuta itabadilisha mawazo. Haikubadilisha. Aliyekuwa anaelekea vijiti vilivyovunjwa ni mama.

Nikanyoosha mkono kuchukua kitambaa chekundu, na ndipo nikaona kosa langu. Kitambaa chekundu kinasema mtu ametoka. Hakisemi nani. Nikampigia mwalimu simu.

"Mwalimu, walikuwa wamepishana. Ni mama."

Kisha mwalimu akasema, "Sikusikii vizuri."

"Nimesema ni mama."

"Mtandao wa hapa ni mbaya. Wewe ndiye umeona, toka useme."

Nilikuwa namwona kupitia dirisha. Alikuwa ananisikia vizuri sana.

Katika ndoto yangu mwamuzi wa video hatoki nje. Hiyo ndiyo raha yake. Mimi nilitoka, blanketi bado limeniangukia mabegani, nikatembea mpaka kwenye zulia, na watu wa timu zote mbili wananitazama. Kunyoosha kidole kwa mtu mzima ni vibaya, na mwamuzi anatakiwa kunyoosha kidole. Nikakinyoosha juu kabisa mbinguni, mbali naye nilivyoweza.

"Mama," nilisema, "mlikuwa mmepishana. Samahani. Ni wewe umetoka."

Ndugu yangu alijishika kichwa kwa mikono miwili.

Mama alinitazama kuanzia viatu. "Wewe si ni dada yake huyu?"

"Ndiyo, mama."

"Na umenitoa mimi."

"Ni video, mama."

"Nataka kuiona."

Kwenye kriketi ya runinga mpigaji haingii chumbani kukagua. Lakini nani angemzuia? Aliingia kibandani, na nyuma yake wakaingia mwalimu, kapteni wa Sotik, na wote waliotosha, na wasiotosha wakachungulia dirishani. Nikarudisha nyuma. Nikaicheza polepole.

Na hapo kikaonekana kitu ambacho mimi mwenyewe sikuwa nimekiona, kwa sababu nilikuwa naangalia vijiti. Ndugu yangu, akiwa anakimbia, mpira uko hewani, mechi iko mkononi, alivua kofia. Alivua kofia yake akaiweka kifuani, akainamisha kichwa, akageuzia uso kwenye michai, na akapita nyuma ya mama kwa adabu kama anayepita mbele ya madhabahu, huku miguu yake inakimbia kufa kupona.

Kapteni wa Sotik ndiye alianza. "Haki ya Mungu," alisema, "huyu mtu anasalimia au anakimbia?" Kibanda kizima kikapasuka kwa kicheko. Mwalimu alivua miwani kufuta macho. Ndugu yangu alikuwa nje na hakujua wanacheka nini, na hilo likazidisha.

Mama hakucheka. "Rudisha," akasema. Nikarudisha. "Tena." Nikarudisha tena. Aliangalia kwa makini, uso karibu na kompyuta, kama anavyoangalia majani yaliyochumwa vibaya. Sikujua anaangalia vijiti au anaangalia kofia.

Kisha akajifunga leso upya. "Nimetoka," alisema. Akampa mwalimu gongo, akatoka nje, na alipompita ndugu yangu, kwa mbali inavyotakiwa, akasema bila kumtazama, "Wewe. Maliza hiyo kazi."

Ukiacha lile "Kimbia" la uwanjani, lilikuwa ndilo neno la kwanza alilowahi kumwambia yeye mwenyewe. Ndugu yangu aliingia uwanjani. Mpira uliofuata ulimpita chini ya gongo ukang'oa vijiti vyote vitatu. Mechi ikaishia hapo, maana msichana wa kwaya alibaki peke yake bila mwenzake wa kukimbia naye, Sotik wakaimba, na mvua ikaanza kushuka.

Kutoka chini ya mwavuli nilisikia sauti ya yule mama: "Hiyo sasa haihitaji video."

Wiki ile ilikuwa ndefu. Ndugu yangu hakunigombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikuwa anachuma chai mstari wa tatu kutoka kwangu na kunisalimia kama jirani. Jioni moja tu, tukifunga ndama, alisema, "Ulikuwa unaona hakika?"

"Niliona hakika."

"Sawa," akasema. Baadaye kidogo akaongeza, "Lakini si ungepofuka siku moja tu?" Nikaona anajaribu kutabasamu, na nikaenda kulia nyuma ya zizi.

Jumamosi nilitaka kubaki nyumbani. Mama yetu alikataa, akasema aliyepika uji na aonekane kwenye meza. Tukaenda sote, tumevaa vizuri. Nilikaa kona ya mwisho kwenye sebule yao, nyuma ya shangazi mnene, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilihudhuria sherehe bila kamera. Sikuthubutu kuileta.

Wazee waliongea maneno yao ya taratibu, ya ng'ombe na ya heshima, yakaenda yakarudi. Kibuyu cha mursik kilikuwa kimeegemezwa ukutani, mdomo umefungwa. Mwishowe mzee wa upande wao akageuka. "Mama watoto," akasema, "ulisema bado unaangalia. Umeona?"

Mama alisimama. "Yule msichana yuko wapi? Aliyenitoa."

Shangazi mnene alinisaliti, akasogea. Nikasimama. Ndugu yangu aliangalia sakafu.

"Huyu," mama akawaambia wazee, "alinitoa mbele ya watu wa Sotik. Ndugu yake anamwomba dirishani amtoe yeye, nilisikia, sauti yake si ndogo. Na huyu akanitoa. Tangu waje kubisha hodi nilikuwa nangoja kuona kama watanibembeleza. Watu wanaokubembeleza kabla hawajapewa msichana, wakishapewa wanakuwa aje? Msichana wangu akiwa kule kwao, akikosea ataambiwa amekosea. Akiwa na haki, ataambiwa ana haki. Hata kama anayemlaumu ni mume. Hicho ndicho nilikuwa naangalia."

"Na kijana?" mzee akauliza.

"Kijana ana adabu mpaka inamharibia mchezo. Tutamfundisha." Akageuka upande wa jikoni akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza chumvi, "Leteni vikombe."

Sijui niliketi saa ngapi. Ninachokumbuka ni kibuyu kikifunguliwa na harufu ile ya maziwa na moshi ikijaa nyumba, watu wakishukuru, kongoi, kongoi, na ndugu yangu akinywa haraka mpaka maziwa yakamshika masharubuni. Msichana wake alitokea mlangoni na watoto wa jirani nyuma yake, akicheka na kulia kwa pamoja. Ndugu yangu alivuka sebule yote, akizunguka mbali na mama kama kawaida, akanishika mkono.

Tulipokuwa tunaondoka mama aliniita kando, kwenye ngazi.

"Video ya harusi utapiga wewe," alisema.

"Ndiyo, mama. Kongoi."

"Lakini siku hiyo uwe upande wetu."

"Mama, kamera haina upande."

Alifikiria jambo hilo, akanitazama kuanzia viatu kama ile siku ya kriketi.

"Basi lete mbili," alisema, akaingia ndani kugawa chai.